Nilirarua daftari la binti yangu, sasa twaunda malori ya jangwani

Msomaji mpenzi, nakuomba usinihukumu kabla hujafika mwisho wa ukurasa huu. Mwaka jana, jioni moja ya Alhamisi, nilirarua daftari la mwanangu. Halikuraruka kwa bahati mbaya. Nililishika kwa mikono miwili nikalipasua katikati, kisha nikazipasua zile nusu.

Iwapo wewe ni mzazi na waishi mjini, jioni za aina hiyo unazijua. Matatu ilikuwa imenikalisha Jogoo Road hadi saa mbili kasoro. Mtaani kwetu mifereji ilikuwa imekauka kwa siku ya nne. Nilipofika nyumbani, njaa ikininguruma tumboni, nikakuta barua fupi ya mwalimu mezani. Ilisema kwamba binti yangu, ambaye yuko gredi ya sita, hafuati somo la hesabu. Kutwa anachora. Ushahidi ulikuwa umewekwa kando ya barua, daftari la kurasa 96.

Nililifungua. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na lori. Wa pili, lori. Wa kumi na mbili ulikuwa na lori lenye meno ya chuma ubavu mzima, magurudumu marefu kuliko mtu, na pua iliyochongoka kama plau ya ng'ombe. Juu kabisa alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: NCHI YA VUMBI. Chini vijitu vidogo vilikuwa vikikimbia huku na huko. Mimi niliona mauaji. Niliona pia karo yangu ikiteketea kama karatasi motoni.

"Hii ndiyo kazi ninayokupeleka shuleni kufanya?" niling'aka.

"Hapana, Baba."

Basi nikafanya nililofanya. Mama yake alikuwa mlangoni na beseni la vyombo mkononi. Hakusema neno, ila aliniangalia jinsi mtu anavyomwangalia mgeni aliyeingia na viatu vyenye matope.

Lililonisumbua si machozi, maana mtoto hakulia. Alichukua kitabu chake cha hesabu akaketi. Kwa wiki tatu zilizofuata alinijibu vizuri mno. Ndiyo, Baba. Sawa, Baba. Asante, Baba. Kama hujawahi kuishi na mtoto anayekujibu vizuri namna hiyo, nakuambia ni heri akupigie kelele. Zamani nilikuwa siwezi kuvua koti kabla hajanisimulia mambo ya siku nzima. Sasa nilivua koti kwa starehe zangu, nikalitundika, nikaketi, na hakuna aliyeniuliza kitu.

Hatimaye ni mama yake aliyeniletea vile vipande. Alikuwa amevitoa kwenye taka usiku uleule na kuviunganisha kwa selotepu. "Baba watoto," aliniambia, "wewe kazi yako ni kusoma na kuandika. Hii uliisoma?"

Lahaula! Sikuwa nimeisoma. Nilikuwa nimetazama picha tu. Pembeni mwa kila lori kulikuwa na maandishi madogo ya kalamu ya risasi. Tangi lilikuwa na lita 8,000 za maji. Yale meno ya chuma niliyodhani ni ya kuulia watu yalikuwa na maelezo haya: "Ya kuzuia watu kudandia na kufungua maji." Pua ya plau ilikuwa ya kusukuma mchanga barabarani. Mlango ulikuwa juu ya paa kwa sababu mlango wa chini huzibwa na mchanga lori likilala. Na vile vijitu havikuwa vikikimbia kwa hofu. Vilikuwa vimebeba mitungi.

Nikakumbuka lori la maji linapoingia mtaani kwetu. Yeye ndiye tunayemtuma na mitungi miwili ya lita 20. Yeye ndiye ameona vijana wakiruka juu ya lori kabla halijasimama, na mama wazee wakisukumwa foleni hadi maji yanakwisha. Nchi ya Vumbi haikuwa mbali. Ilianzia hapo getini.

Siku iliyofuata nilimweleza yaliyonisibu mwenzangu mmoja kazini, mtu wa dawati la picha, mpenzi mkubwa wa filamu. Alicheka hadi akashika meza. "Wewe," aliniambia, "kuna watu wazima duniani wanaolipwa mshahara kwa kufanya kile ulichokirarua." Jumamosi akaniletea filamu, akanionya niitazame watoto wakiwa wamelala. Nakuonya nawe vivyo hivyo, kwani ina damu na ukatili usiofaa macho ya mtoto.

Ni filamu iitwayo Mad Max: Fury Road, iliyotoka mwaka 2015. Mwongozaji wake ni George Miller wa Australia. La ajabu ni kwamba Miller alisomea udaktari. Katika miaka ya 1970, kabla hajapata jina, alifanya kazi hospitalini mjini Sydney akiwapokea majeruhi wa ajali za barabarani. Alizijua gari kwa kile zinachoufanyia mwili wa binadamu. Filamu yake ya kwanza ya Mad Max ilitoka mwaka 1979, na nyuma yake kulikuwa na kumbukumbu ya mwaka 1973, mafuta yalipoadimika duniani na watu kuonyeshana meno kwenye vituo vya petroli.

Katika hii ya 2015, dunia imekwisha kuharibika. Mtawala katili ameketi juu ya mwamba na maji yote ni yake. Mara mojamoja hufungulia maji kutoka juu kwa muda mfupi, na umati wa watu walio chini hukinga kwa sufuria na mabakuli huku wakikanyagana. Kisha hufunga. Nilipofika hapo nilisimamisha filamu nikaenda kunywa maji jikoni. Yalikuwa ya kwenye mtungi.

Hapa ndipo mambo ya magari yanapoanza, na nakuomba univumilie kwani nimeyachunguza kama mwanafunzi wa makanika. Kwa ajili ya filamu hiyo yaliundwa takriban magari 150, chini ya msanii aitwaye Colin Gibson. Hayakuwa michoro ya kompyuta. Yalikuwa magari ya kweli yenye injini, yakikimbia kwenye mchanga wa kweli. Awali yalikuwa yaendeshwe Broken Hill, Australia, lakini mvua isiyotarajiwa ikanyesha, na lile jangwa likaota maua. Utafanyaje filamu ya mwisho wa dunia kwenye bustani? Wakafunga virago, wakahamishia magari yao Namibia, na mwaka 2012 wakapiga filamu katika jangwa la Namib. Kwa hivyo hiyo nchi ya ukiwa unayoiona, kwa sehemu kubwa, ni Afrika yetu hii.

Kila gari linakuambia habari za mwenyewe. Mtawala anaendesha miili miwili ya Cadillac ya mwaka 1959, mmoja umepandishwa juu ya mwingine, na ndani injini mbili. Mahali ambapo mtu akipata hata tairi moja zima ni tajiri, yeye amejipa kila kitu mara mbili. Hahitaji kujitambulisha. Kuna kundi jingine lililofunika magari yake kwa misumari na vyuma vyenye kutu kama nungunungu. Nalo jeshi la mtawala lina lori zima la ngoma na mpiga gitaa, maana jeshi linalotembea lazima lisikie amri, na redio zimekwisha.

Lakini lililonikaa moyoni ni lori la yule mama aitwaye Furiosa. Ni lori refu la mafuta, limeundwa juu ya chasisi ya Tatra, yale malori ya Ucheki yenye sifa ya kuvumilia njia mbovu. Ndani yake wamejificha wanawake watano wanaomtoroka mtawala. Anayeliiba hawezi kwenda nalo popote, kwa sababu kuna swichi zinazopaswa kubonyezwa kwa mpangilio ambao Furiosa peke yake anaujua. Na injini inaposhika moto katikati ya mbio, hakuna anayesimama kumwaga maji. Anateremsha ile plau ya mbele hadi inagusa ardhi, mchanga unarushwa juu ya injini na moto unazimika. Niliruka kitini. Ile ilikuwa pua ya lori la binti yangu! Mtoto hajaiona filamu hiyo hata dakika moja, ila alikuwa amefikiria njia ileile.

Tangu hapo nikawa kama mtu aliyeumwa na mdudu. Mwenzangu akaniazima kitabu cha Dune cha Frank Herbert, kilichotoka mwaka 1965. Herbert naye alikuwa mwandishi wa magazeti kama sisi. Mwaka 1957 alikwenda kutafuta habari huko Florence, jimbo la Oregon nchini Marekani, ambako wataalamu walikuwa wakipanda nyasi ili kuuzuia mchanga usimeze barabara na nyumba. Habari ya gazeti ikazaa jangwa zima. Katika jangwa hilo kuna mnyoo mkubwa kuliko meli, huvutwa na mitikisiko ya mchanga. Basi mashine ya kuvunia haiwezi kufanya kazi peke yake. Juu yake lazima kuwe na ndege ndogo za kuchungulia mnyoo unakotokea, na ndege kubwa ya kuja kuinyakua mashine kabla haijamezwa. Zingatia hilo, msomaji. Mwandishi hakuanza na mashine. Alianza na hatari, kisha hatari ikachora mashine.

Kuna pia gari liitwalo Landmaster, lililoundwa kwa ajili ya filamu ya Damnation Alley ya mwaka 1977. Lina magurudumu 12, yamefungwa matatumatatu. Likikwama, yale matatu huzunguka pamoja na kukwea kizuizi kama mtu apandavyo ngazi. Ni gari la kweli, linakwenda. Filamu yenyewe sikuipenda, na hiyo ni siri yangu na wewe.

Nikiwa nimejaa elimu hiyo yote, Jumapili moja alasiri nilichukua karatasi nikachora gari langu. Nilijipa kazi kwelikweli. Mnyororo wa chuma kama wa kifaru badala ya magurudumu, injini mbili, bati la kuzuia risasi. Nikampelekea binti yangu chumbani kama mwanafunzi anayepeleka mtihani kusahihishwa. Nilimwambia kwanza kwamba nilikosea kurarua daftari lake, na kwamba sikuwa nimelisoma. Maneno hayo yalinitoka kwa shida, maana nililelewa katika nyumba ambayo baba hakuwahi kuyasema.

Alinyamaza. Halafu akaitazama karatasi yangu kwa muda mrefu.

"Baba, hili linakunywa dizeli?"

"Naam."

"Dizeli inatoka wapi?"

Nikababaika. Nikasema labda kuna maghala ya zamani.

"Na huu mnyororo ukikatika, nani ataushona? Tairi hata mimi naweza kuziba pancha." Aligeuza karatasi. "Na hakuna mahali pa kulala. Dereva wako halali?"

Alinipa alama nne kwa kumi. Hizo nne, nadhani, zilikuwa za huruma. Lakini alikuwa ameniuliza maswali manne mfululizo, na mimi nilikuwa sijaulizwa swali na mtoto huyo kwa takriban mwezi mzima.

Tangu hapo tuna desturi. Jumapili baada ya chakula cha mchana tunaketi na karatasi. Tulikwenda hata kwa makanika mmoja wa jua kali karibu na kwetu, mzee anayefahamu malori kuliko anavyowafahamu wajukuu wake. Alitufundisha kwamba kwenye mchanga mwingi dereva hodari hupunguza upepo wa tairi, ili tairi litandazike na kukanyaga pana, likose kuzama. Alituambia kwamba vumbi huua injini kwa kupitia pumzi, kwa hivyo mdomo wa kuvutia hewa upelekwe juu, na chujio lisafishwe kila siku. Binti yangu aliandika yote. Siku hiyo lori lake likaota bomba refu hadi juu ya paa, na ndani akamwekea dereva brashi ya kusafishia chujio, imetundikwa kwa kamba.

Tumetazama pamoja pia Pumzi, filamu fupi ya Mkenya mwenzetu Wanuri Kahiu, iliyotoka mwaka 2009. Hiyo nakushauri uitafute na jamaa yako. Nayo ni ya dunia iliyokauka baada ya vita vya kugombea maji. Msichana Asha anaondoka katika makao yaliyofungwa ili apande mche nje jangwani, na huko hana gari. Anakwenda kwa miguu, kitambaa kichwani, mche kifuani. Nilidhani binti yangu atachoka nayo kwa kuwa haina hata baiskeli. Alipomaliza alisema, "Angepitiwa na lori langu." Akaenda kuongeza kiti.

Kisha siku moja nikamsimulia kisa ambacho sikuwa nimemsimulia mtu kwa miaka mingi. Mwaka 2009, nikiwa mwandishi mchanga, nilirudi kutoka Marsabit hadi Isiolo juu ya lori la ng'ombe. Wakati huo lami ilikuwa haijafika huko, barabara ilikuwa mawe na vumbi, na mawimbi madogomadogo ya udongo yaliyotikisa meno mdomoni. Ng'ombe walisimama chini, na sisi abiria tuliketi juu yao kwenye vyuma vya fremu, miguu ikining'inia kati ya pembe. Lori lenyewe lingefaa kabisa katika filamu ya Miller. Springi zilikuwa zimeongezwa hadi hazihesabiki, mitungi ilining'inia kila upande, na tanboi alikuwa na kabari ya mti ya kuzuia gurudumu mlimani, kazi aliyoifanya kwa kuruka chini lori likiwa bado linatembea. Hakuna mhandisi aliyelichora. Njia ndiyo iliyolichora, kwa miaka mingi, kila kilichovunjika kikibadilishwa na kigumu zaidi.

Mahali fulani dereva alitangaza kwamba hapo hatusimami, hata iweje, kwa sababu ya majambazi. Tukanyamaza wote. Mbele kidogo alisimama mama kando ya njia na mtoto mgongoni. Alikuwa ameinua mtungi mtupu wa manjano juu ya kichwa, akiutikisa. Njia ile kila mtu alijua maana yake. Lori halikupunguza mwendo. Tanboi alirusha chupa ya maji, ikaanguka kwenye mawe. Sikuona kama ilipasuka, kwa sababu vumbi letu lilimfunika yule mama.

Binti yangu aliacha kuchora.

"Mbona hakusimama?"

Nikamweleza habari ya majambazi. Nikamwambia tulikuwa zaidi ya watu 20 juu ya lori lile, na pengine yule mama alikuwa chambo, pengine hakuwa.

"Na wewe ulisema nini?"

Msomaji, sikusema kitu siku ile. Nilikuwa na chupa yangu ya maji begini, imejaa nusu. Nilimwambia ukweli huo, nikangoja tena yale majibu mazuri ya Ndiyo, Baba. Hakunipa. Alirudi kwenye karatasi akaanza kufuta.

Shida aliyoiona ni hii, na imetukalisha Jumapili tatu. Lori la Nchi ya Vumbi likikuta mtu njiani na mtungi mtupu, lisimame ama lipite? Likisimama, walio nyuma ya mawe watalirukia, na kijiji kinacholingoja kitakosa maji. Likipita, basi lina tofauti gani na lori la baba? Mimi nilipendekeza dirisha dogo. Alilikataa, kwa sababu dirisha huingiza mkono wenye bunduki. Mama yake, aliyekuwa akitupita akikunja nguo, alipendekeza mitungi midogo ya kuangushwa taratibu kwa kamba. Hilo lilikubaliwa kwa muda, kisha likaonekana halitoshi, kwani kamba zitakatwa na kuibwa.

Jumapili iliyopita alinionyesha mchoro mpya. Upande wa kushoto, meno ya chuma yameondolewa mahali padogo, upana wa mtu mmoja. Hapo ameweka mfereji unaofunguliwa na dereva kwa ndani, kwa mguu, bila ya kuteremka wala kuzima injini. Lori halisimami kabisa, linatambaa polepole kiasi cha mtu mwenye mtoto mgongoni kuweza kutembea nalo sambamba. Kando ya mfereji kuna kikombe cha bati, kwa asiye na mtungi. Nilimuuliza kwa nini kikombe kimefungwa kwa mnyororo.

"Baba," alisema, "wewe huwajui watu wa foleni ya maji?"